Risasi nane ndani ya magazini: bastola iliyolia usiku wa Desemba, Moshi

Magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, ilikuwa na risasi nane. Kwa maelezo ya mpwa wangu ilipaswa kuwa na tisa, na kisa chote kimo ndani ya hiyo moja iliyopungua.

Ilikuwa usiku wa tarehe 23 Desemba, Rau, hapa Moshi. Anayeijua Desemba ya Uchagani anajua nyumba inavyokuwa. Magari yaliyotoka Dar yamejaa uani, watoto wamelazwa mstari mmoja kwenye magodoro, mbuzi amefungwa nyuma ya jiko akingoja siku yake. Mpwa wangu alifika saa nne usiku, akiwa ameshika usukani tangu alfajiri, Segera, Same, Himo, hadi nyumbani. Ni mfanyabiashara. Ana bastola ya milimita 9 anayoimiliki kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari ile alikuja nayo kiunoni. Saa tano na robo bastola ikalia chumbani kwake. Risasi ilitoboa kabati, ikatoboa ukuta wa mbao unaotenganisha chumba chake na chumba cha watoto, ikaishia ndani ya gunia la mahindi. Hakuna aliyeumia.

Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Ni askari mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita ghalani, kazi yangu ikiwa kuzifungua silaha, kuzisafisha, kuzihesabu na kuzirudisha mahali pake. Dada yangu alinipigia simu kabla sijamaliza kuvaa viatu, maana mlio nilikuwa nimeshausikia. Naandika kwa idhini yake na ya mwanawe. Tangu usiku ule nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwenye misiba na kwenye vikao, na kila msimuliaji anatumia neno lile lile: imejifyatua. Kiswahili chetu kina huruma na mwenye silaha. Hiyo "ji" inaingia katikati ya kitenzi, inambeba mtu mzima na kumtoa nje ya chumba, bastola inabaki peke yake na kosa lake. Nimefungua bastola nyingi, na nataka tuiangalie hii vizuri kabla hatujaitupia lawama.

Nilimkuta amekaa kwenye kona ya kitanda, mikono katikati ya magoti. Bastola ilikuwa juu ya shuka, slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, imefunga. Magazini ilikuwa pembeni yake. Karibu na mto kulikuwa na risasi moja nzima, haijaguswa, na chini ya dirisha ganda moja tupu, bado lina harufu ya baruti. Jambo la kwanza nililofanya ni kuielekeza bastola kwenye ukuta wa nje, ule wa matofali, nikavuta slaidi nyuma na kuifunga hapo, nikamulika chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa tochi ya simu. Ilikuwa tupu. Nikaiweka chini ikiwa wazi, na tangu hapo sikuigusa tena hadi polisi walipokuja kuichukua asubuhi.

"Mjomba," akaniambia, "nilishaitoa. Niliiona kwa macho yangu ikidondoka kitandani. Magazini nilishachomoa. Halafu ikaniponyoka, ikapiga sakafu, ikajifyatua."

Hapo kuna maneno mawili tofauti na lazima yatenganishwe, kwa sababu moja alilisema kwa aibu na jingine aliliamini kwa moyo wote.

La aibu ni la kuanguka. Sikumbishia usiku ule. Asubuhi, polisi walipomaliza kupima na kupiga picha, niliomba uzi wa fundi mwashi. Tundu la kwenye kabati lilikuwa sentimita 94 kutoka sakafuni. Tundu la kwenye ukuta wa mbao, sentimita 60 mbele yake, lilikuwa kwenye sentimita 81. Nikapitisha uzi kwenye matundu yote mawili, nikauvuta kurudi chumbani. Risasi ilikuwa inashuka. Mita moja mbele ya kabati, pale kitanda kinapoishia, uzi ulikuwa umefika karibu sentimita 116, ambapo ni usawa wa tumbo la mwanaume aliyesimama na mikono yote miwili mbele yake. Bastola iliyoanguka sakafuni hufyatua kutokea sakafuni. Risasi yake ingepanda, au ingeambaa chini usawa wa kisigino. Mpwa wangu aliutazama ule uzi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilivuta triga." Nikamshukuru kwa kusema.

Nisieleweke kwamba bastola kuanguka na kulia ni uzushi siku zote. Limewahi kutokea, tena kwa silaha zenye majina makubwa. Bastola ya Colt ya 1911, iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwa miongo mingi, ina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya kidole gumba na nyingine ya nyuma ya mpini, lakini muundo wake wa asili haukuwa na kitu cha kuizuia pini yenyewe, kile chuma chembamba kinachoigonga risasi kwa nyuma. Ikianguka kwa mdomo, kishindo kingeweza kuisukuma pini mbele hadi ipige fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Colt waliongeza kizuizi cha pini kwenye toleo la Series 80, mwaka 1983. Na mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari ya modeli yake ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatua. Kwa hiyo mtu akisema ilianguka, usimcheke. Pima.

Bastola ya mpwa wangu ni ya ule ukoo ulioanzishwa na Glock ya Austria mwaka 1982. Haina nyundo inayoonekana nje wala sefti ya kidole gumba. Ndiyo maana mashemeji wawili waliokuwepo walikubaliana haraka kwamba tatizo ni silaha isiyo na sefti. Sefti inazo, tatu, na zote zinafanya kazi bila kumwuliza mtu. Katikati ya triga kuna kilimi kidogo. Kisipobonyezwa na kidole kilichokaa sawasawa, triga haiendi nyuma, hata ikisukumwa kwa ubavu. Ndani ya slaidi kuna kizuizi cha pini, kipande cha chuma chenye springi kinachoikatia pini njia ya kuifikia fataki. Na kuna ile ya kuanguka, mkia wa chuma unaoishikilia pini na kukaa kwenye mfereji wake, usiweze kushuka hadi triga iuvute nyuma. Ukiichukua bastola ya namna hii ikiwa nzima na kuiangusha, vitu vitatu vinasema hapana kwa pamoja.

Lakini angalia vyote vitatu vinafunguliwa na nini. Vinafunguliwa na triga ikivutwa. Huo ndio muundo wenyewe. Sefti hizo zilibuniwa kupambana na sakafu, na kishindo, na triga iliyoguswa kwa ubavu, na mlango wa gari. Hazikubuniwa kupambana na kidole cha mwenye bastola, kwa sababu kwa bastola kidole hicho ndicho bwana. Kilipokuja, zilifungua njia kama zilivyoagizwa. Usiku ule hakuna kilichoharibika ndani ya chuma kile.

Sasa kwa nini aliivuta? Hapa ndipo kisa kinaponiuma, kwa sababu alikuwa anatenda jambo jema.

Nyumba ilikuwa na watoto kumi na mmoja. Hakukuwa na kasiki, wala kabati lenye kufuli la kuaminika. Akafikiri kama baba: naifungua, slaidi naiweka juu ya dari, fremu, yaani mpini na triga yake, naiweka kwenye begi langu, risasi nampa mama azifungie sandukuni. Mtoto akiokota kipande kimoja ameokota chuma tu. Ni wazo zuri. Ila bastola za ukoo huu, ili slaidi itoke kwenye fremu, sharti kwanza uvute triga. Pini hukaa imevutwa nusu, na haiachii njia mpaka triga iiachie. Bastola nyingine hazikuombi hilo. Beretta 92, kwa mfano, unabonyeza kitufe, unazungusha kishikizo cha ubavuni, na slaidi inatoka yote bila kidole kufika kwenye triga. Hii ya kwake inakuomba ufyatue ili uweze kuifungua. Anayejua hilo tangu mafunzoni hulifanya kwa hofu. Aliyelifanya mara mia hulifanya kama anavyozima taa.

Kabla ya kuvuta alikagua. Nasisitiza, alikagua. Alivuta slaidi, risasi ikaruka, ikatua karibu na mto. Aliiona. Halafu akachomoa magazini. Halafu akaelekeza bastola "pembeni", ndilo neno alilolitumia, na pembeni kulikuwa na kabati. Halafu akavuta.

Nirudi kwenye hesabu. Magazini yake ina matundu madogo kwa nyuma, kila tundu na namba yake, ili mtu ahesabu risasi bila kuzitoa. Niliisogezea taa usiku ule bila kuigusa. Tundu la nane lilikuwa na mng'ao wa shaba. La tisa lilikuwa jeusi. Mpwa wangu hujaza risasi kumi, tabia aliyotoka nayo mafunzoni, na akiwa safarini anakoki. Ukikoki, moja inapanda chembani, magazini inabaki na tisa. Alipofika chumbani hali ilikuwa hiyo, moja juu, tisa chini. Kama angechomoa magazini kwanza, tisa zingetoka nayo, na kuvuta slaidi kungeitoa ile moja. Tisa kwenye magazini, moja kitandani, chemba tupu. Alivuta slaidi kwanza, na magazini bado imo. Ukucha wa slaidi ukaikamata ile ya chembani na kuitupa kitandani, sawasawa na alivyoona. Slaidi iliporudi mbele kwa nguvu ya springi ikafanya kazi ambayo haijawahi kusahau tangu itoke kiwandani: ikaisukuma inayofuata kutoka juu ya magazini na kuipandisha chembani. Akachomoa magazini yenye nane. Moja kitandani, nane mkononi, na ya kumi mahali pake, mbele ya pini.

Kwa hiyo alichokiona kilikuwa kweli. Risasi ilidondoka kweli. Uongo ulikuwa kwenye maana aliyoipa. Na huu ndio mtego ambao nimewaona hata wenye vyeo wakiuingia pale ghalani: jicho likishaona shaba ikiruka, akili inafunga faili. Mtu asiyeona kitu hubaki na wasiwasi kidogo, huangalia tena. Aliyeona risasi ikitoka anakuwa na uhakika. Vitendo ni vile vile viwili, mkono ule ule, tofauti ni kipi kimetangulia, na tofauti hiyo kwa nje haionekani kabisa. Ukisimama mlangoni ukamtazama mtu akifanya kwa mpangilio mbaya utasema amekuwa makini. Hata sauti ni ile ile.

Bastola yenyewe ilimpa dalili moja. Kwenye modeli za miaka ya karibuni za aina hii, ule ukucha wa slaidi hujitokeza nje kidogo sana chemba ikiwa na risasi, kiasi ambacho ncha ya kidole inaweza kukihisi hata gizani. Nilimwuliza kama alipapasa. Hakujua kama kipo.

Shemeji mmoja aliniuliza swali ambalo lilistahili jibu zuri: hakuna bastola inayokataa kulia magazini ikiwa nje? Zipo. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ina kifaa kinachokata mawasiliano ya triga magazini ikitoka. Kwa kosa la usiku ule, kwa mpangilio ule ule, mpwa wangu angevuta triga na kusikia kimya. Sina shaka na hilo. Na bado singempa mtu ushauri wa kununua kimya hicho na kulala, maana anayezoea silaha hiyo huja kuzoea kwamba magazini ikiwa nje bastola ni chuma tupu, halafu siku moja anashika ya jirani. Niliyoanzia mimi ni Tokarev, muundo wa Kirusi wa 1933, isiyo na sefti yoyote ya mkono zaidi ya nyundo kukaa nusu. Walimu wetu hawakutufundisha kuiamini. Walitufundisha mikono.

Kuhusu sefti ya kidole gumba, ambayo mashemeji waliililia sana, jibu ni fupi. Mtu anayetaka kuvuta triga kwa makusudi, akiamini chemba ni tupu, ataishusha kwanza. Isingemzuia.

Kilichobaki ni uelekeo wa mtutu, na huko ndiko watoto walikokuwa, nyuma ya ukuta. Mmarekani Jeff Cooper, mwalimu wa silaha, alieneza kanuni nne ambazo leo hufundishwa karibu kila uwanja wa shabaha: ihesabu kila silaha kuwa na risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba zinabebana. Ukivunja moja kwa bahati mbaya, nyingine inakuokoa. Lakini bastola ya ukoo huu, kila unapoifungua, inakulazimisha uivunje ile ya kidole kwa makusudi. Sasa ukiwa umeshajidanganya na ile ya kwanza, unabakiwa na mtutu peke yake. Umeelekea wapi? Kwa mpwa wangu ulielekea kabatini, na kabati ni mbao nyembamba na suti mbili. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde, imevikwa shaba, na haijui kama mbao ile ni ukuta wa chumba cha watoto. Gunia lilitobolewa kwenye sentimita 79. Nilimsimamisha mjukuu wangu wa miaka minne karibu nalo. Ilikuwa kifuani kwake. Nikamwambia aende akacheze.

Gunia lile lilihamishiwa hapo mchana wa siku ile ile, kutoka stoo, ili stoo ipate nafasi ya magodoro.

Ghalani tulikuwa na pipa la mchanga. Kila silaha iliyoingia, iwe ya nani, mtutu uliingia kwanza kwenye pipa, ndipo triga ikavutwa. Halikuwa jambo la kumdharau mtu. Lilikuwa pale kwa ajili ya siku ambayo mtu makini amechoka. Nyumbani ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu inafanya kazi hiyo hiyo. Risasi ya bastola ikiingia humo kutokea juu haitoki. Kama ndoo hiyo ingekuwepo pembeni ya kitanda kile, kosa la hesabu lingebaki vile vile, mlio ungekuwa ule ule, na watu wangeamka na kulalamika, basi. Ndoo ya plastiki na mchanga wa mto, vitu ambavyo hakuna nyumba Moshi inayovikosa.

Na uchovu. Saa kumi na sita barabarani, jasho, chakula hakijaliwa, mama anaita mezani. Alikuwa na chaguo la kuiacha ilivyo kiunoni mpaka ale na atulie, na nilimwambia hivyo. Silaha iliyokaa kwenye ala, triga imefunikwa, haimwendei mtu. Hatari ilianza alipoitoa ili aifanye salama. Ukiniuliza ni saa ngapi bastola ya raia inahitaji kuogopwa zaidi, sitakutajia saa ya majambazi, maana hiyo wengi hawaioni maisha yao yote. Nitakutajia dakika ile ya jioni mtu anapofika nyumbani na kuivua.

Polisi walimhoji, wakaandika maelezo, wakakaa na silaha kwa muda. Mwezi Februari iliporudi mikononi mwake alikuja nayo kwangu, kwa ombi langu, pamoja na risasi za bandia za mazoezi, zile zisizo na baruti wala fataki. Risasi za kweli zilibaki kwa dada yangu, nyumba nyingine kabisa. Nikaweka ndoo ya mchanga sakafuni. Nikajaza kumi za bandia, nikakoki, nikamkabidhi. Sikumweleza chochote. Nilimwambia tu, "Itoe risasi."

Alikuwa ameshayasikia haya yote mara tatu, na uzi alikuwa ameuona. Mkono wake ukaenda kwenye slaidi. Ile ya bandia ikaruka, ikagonga meza, ikabiringika hadi kwenye kikombe changu cha chai. Akachomoa magazini. Kisha akasimama. Aliitazama ile ya mezani, akanitazama mimi. Mtutu ulikuwa ndani ya ndoo, hilo alilikumbuka. Akaivuta slaidi taratibu, nusu tu, akaingiza kidole chake cha mwisho chembani.

"Ipo, mjomba," akasema.